Siku Baba Alipokohoa Ng'ambo Mbili

Chekeni sasa hivi, mcheke mmalize, halafu ndiyo nisimulie, kwa sababu mkinicheka katikati nitashindwa kufika mwisho, na mwisho wenyewe ndio unaoniuma. Mimi najulikana kwa utani. Nimeshachapwa kwa utani, nimeshapalilia nusu ya shamba la shule kwa utani, na hayo yote niliyapokea nikiwa nachekea kwapani. Lakini hili la kikohozi, mpaka leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu chooni, najifunika uso kwa mikono, na hakuna hata anayeniangalia.

Kwetu ni bondeni, Ileje, kule ambako ukitoka Isongole unashuka, na unashuka tena, mpaka magoti yanaanza kukuuliza unakwenda wapi. Msitu umetufunika kama kifuniko cha chungu. Jua linatufikia wakati watu wa mlimani wameshamaliza kulima tuta la tatu, na mvua ikianza haijui kuacha. Nguo tunakaushia juu ya moto, kwa hiyo sote tunanuka moshi, na shuleni kule juu mwalimu husema "wa bondeni wamefika" kabla hajainua kichwa. Daftari likikaa wiki moja linaota kuvu. Kiberiti kikikaa siku moja kinalowa, ndiyo maana ukitaka moto unakwenda kuuomba kwa jirani na kigae mkononi, na ukirudi unahesabu ruba miguuni. Ndizi tunazo, magimbi tunayo, samaki wadogo wa mtoni tunao. Barabara hatuna. Zahanati hatuna. Serikali ikitutembelea inafika kwa miguu, inahema, inaomba maji.

Na chumvi hatuna, na hilo ndilo kubwa. Miaka hii vitu vimeadimika kila mahali, sabuni, mafuta ya taa, kanga, lakini mtu anaweza kuvaa kanga iliyochanika akaishi. Maharage bila chumvi wewe yajaribu siku ya kwanza, yajaribu ya kumi, halafu uje tuongee. Mama alikuwa anachoma maganda ya ndizi, anachuja majivu, anapikia yale maji yake, na baba anakula huku anatazama pembeni kama mtu anayemeza dawa. Kwa hiyo siku iliposikika kwamba lori limefika Isongole na duka la kijiji chetu limepata fungu lake la chumvi, mfuko mmoja tu, kijiji kizima kilitabasamu. Wanawake kadhaa wenye shingo ngumu wakatumwa kuufuata, wapokezane njiani.

Sasa lazima niwaeleze jambo la wakwe, la sivyo hamtaelewa. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Simaanishi hawapendani, namaanisha hawaonani kwa macho. Mke wa mtoto akimwona baba mkwe anakuja, anaingia kwenye majani, anageuza uso, anajifunika kanga mpaka apite. Wakikutana uso kwa uso ni aibu ya ukoo mzima, kuku wanachinjwa, wazee wanaitwa. Zamani ilikuwa rahisi, kila mtu alijenga kwake msituni. Lakini tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, yule bwana aliyetupimia nyumba kwa kamba (kijana wa watu, wa mbali) hakuuliza nani mkwe wa nani, akazipanga mistari miwili zikitazamana, na mlango wa baba yangu ukawa unatazamana na milango ya watoto wake wanne waliooa. Wiki ile ile kaka zangu wote wanne walitoboa milango ya nyuma.

Dawa ya jambo hili ni kikohozi. Mzee akikaribia kisima, au kona, au daraja, anakohoa, na wakamwana wanapata nafasi ya kujificha. Kila mzee ana chake. Cha baba, Baba Ambakisye, kilijulikana bonde zima: kinaanza kama lori linalokataa kuwaka asubuhi, krrrrr, halafu kho! kho! mbili kavu, halafu "mmh" moja nzito ya kufunga mazungumzo.

Nami Mungu aliponinyima sura na hesabu alinipa koo. Naiga mbuzi, naiga mwalimu mkuu, naiga redio ikiwa inaishiwa betri. Siku moja nimekwenda kuchota maji kwenye mfereji wa mwanzi (ni mmoja tu, maji yanatoka kama mtoto anakojoa), nimewakuta wifi zangu wamepanga ndoo na wanapiga soga. Nikarudi nyuma ya mgomba, nikakohoa kikohozi cha baba. Mama yangu! Wote wanne waliyeyuka. Nikatoka, nikajaza ndoo yangu taratibu huku naimba wimbo wa mchakamchaka, nikaondoka. Tangu siku ile sikupanga foleni tena. Aliyejua ni rafiki yangu Atupele peke yake, na yeye alikuwa akicheka anashika tumbo anasema, "Tusekile, ipo siku utaota ndevu."

Jumamosi ya chumvi, mimi na Atupele tulikuwa tunawahi netiboli shuleni, mimi nikiwa mlinda goli. Ili upande mlimani lazima uvuke mto kwa daraja letu, ambalo ni mianzi iliyofungwa kwa kamba za msituni, linapita mtu mmoja tu, na mwenye mzigo ndiye anayetangulia. Tulipofika ukungu ulikuwa mzito, huoni zaidi ya mianzi mitatu ya kwanza. Mto umejaa, unanguruma. Ng'ambo tukasikia sauti za wanawake, wanacheka, ndio hao wanarudi na chumvi.

Atupele akasema, "Basi, hapa tutakaa mpaka kesho. Watavuka mmoja mmoja, na kila mmoja atapumzika katikati apige sala."

Mimi nikapiga hesabu (nimewaambia hesabu sikupewa). Baba alikuwa amepanda mlimani tangu jana kwa mkutano wa kata, na mikutano ya kata haiishi kabla ya jioni. Wifi zangu wawili wamo katika lile kundi. Nikikohoa watajificha, wenzao watawasubiri kwa heshima, na sisi tutavuka mbio. Nikamwambia Atupele, "Shika sketi yako."

Krrrrr. Kho! Kho! Mmh.

Ng'ambo pakawa kimya. Nikamkonyeza Atupele, nikanyanyua mguu nikanyage mwanzi wa kwanza. Na hapo hapo, kutoka ng'ambo, juu kidogo, njia ya mlimani, nikasikia:

Krrrrr. Kho! Kho! Mmh.

Jamani. Nilidhani ni mwangwi. Atupele akanitazama, macho kama sahani, akaninong'oneza, "Huyo si wewe."

Alikuwa baba mwenyewe. Mkutano ulikuwa umeahirishwa kwa sababu mkubwa aliyengojewa hakutokea, na mzee wangu, mtu wa adabu, alipoona anakaribia daraja akakohoa kama inavyotakiwa.

Ukungu nao ulichagua wakati ule kupasuka. Katikati ya daraja, mfuko wa chumvi kichwani, amesimama wifi Subilaga, mke wa kaka Lusekelo, bibi arusi ambaye hata mavuno mawili hajayaona kwetu. Kumbe alikuwa ameshaanza kuvuka, na kelele za mto zilimficha nisimsikie. Mimi nilipokohoa mbele yake, aligeuka arudi. Baba alipokohoa nyuma yake, akageuka tena. Mbele baba mkwe, nyuma baba mkwe, na daraja lile lile linayumba. Angekuwa na majani angeingia majani, lakini pale palikuwa na hewa na maji tu. Akafanya kitu kimoja kilichobaki kwa mkamwana mwenye heshima zake: akachuchumaa, akashika kanga kwa mikono miwili, akajifunika uso.

Mikono miwili. Mfuko uliachiwa nani? Ulisita kidogo kichwani, kama unaaga, ukateleza, ukagonga mwanzi, ukaingia mtoni. Sikusikia hata chubwi, mto ulinguruma kama kawaida na kuendelea na safari yake kwenda Songwe, ukiwa na chumvi yetu tumboni.

Hapo ndipo ningesema. Ningepaza sauti tu, "Ni mimi, Tusekile!" na mambo yangeishia kwenye viboko. Badala yake nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikakimbilia kwenye migomba na Atupele nyuma yangu, tukalala kifudifudi. Walipokwisha kuvuka wote, tukiwa bado pale, nikamsikia mama yake Atupele, aliyekuwa kiongozi wa wale wanawake, anamwambia baba kwa sauti inayotetemeka, "Baba Ambakisye, si umekohoa ng'ambo hii sasa hivi?"

"Mimi?" baba akasema. "Mimi ndiyo kwanza natoka mlimani."

"Tumekusikia sote. Ng'ambo hii. Halafu kule."

Baba akageuka kuutazama mto. Akasema pole pole, "Hata mimi nimesikia."

Mpaka mchana kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kwamba Baba Ambakisye anatokea ng'ambo mbili kwa wakati mmoja, na mnajua kwetu mtu wa namna hiyo anaitwaje. Walioazima moto kwetu asubuhi walikwenda kuazima kwingine. Mzee Kapota, ambaye amegombana na baba kuhusu mpaka wa migomba tangu sijazaliwa, alipita mbele ya nyumba yetu mara tatu bila sababu, anatikisa kichwa. Wifi Subilaga alikuwa ameshafunga nguo zake. Nilimsikia anamwambia kaka Lusekelo nyuma ya nyumba, "Wewe nakupenda, sina neno na wewe. Lakini baba yako anavuka mto bila daraja. Mimi nikizaa hapa nitazaa nini?"

Kaka akamwambia, "Subiri mkutano wa kesho, mke wangu. Kesho tu."

"Kesho nitasubiri. Kesho kutwa niko kwa mama."

Nilijipa moyo kwamba yatapita. (Ndivyo mtu mwoga anavyojidanganya, anauita woga wake subira.) Lakini jioni, tukiwa jikoni, baba akasukuma sahani yake, maharage yasiyo na chumvi hakuyagusa, akamwambia mama, "Nilikuwa najiuliza ile sauti nimeisikia wapi. Sasa nimejua. Ni marehemu kaka yangu. Alikuwa anakohoa hivi hivi. Ananiita kutoka ng'ambo."

Mama akasema, "Acha maneno hayo."

"Shoka langu apewe Lusekelo. Mizinga ya nyuki wagawane wote. Na huyu Tusekile," akaniangalia, akatabasamu kidogo, baba yangu ambaye hutabasamu siku ya sikukuu tu, "huyu asome. Asiolewe haraka. Ana akili huyu, ila zinamtoka mdomoni."

Nilitoka nje nikasimama mvuani mpaka nikalowa.  Mtu amekaa anagawa shoka lake kwa sababu mimi nilikuwa nawahi netiboli.

Kesho yake mkutano ulikuwa mbele ya duka la kijiji, manyunyu yanatunyeshea, watu wamejifunika majani ya migomba. Wazee walikaa kwenye magogo. Wakamwana wa baba walikaa upande wa pili wa duka, nyuma ya ukuta, maana mkutano wa kijiji ni lazima wahudhurie na baba mkwe ni lazima wasimwone, kwa hiyo wao huhudhuria kwa masikio. Mwenyekiti wetu, mtu mnene anayependa maneno ya mikutanoni, akasimama.

"Ndugu wananchi. Chumvi ile ilikuwa ya kijiji kizima. Sasa imeingia mtoni. Na mto, ndugu zangu, si mwanachama wa duka letu."

Watu walicheka kidogo, wakaacha. Mzee Kapota akanyanyuka. "Mwenyekiti, chumvi tutapata nyingine. Mimi nauliza habari ya huyu mwenzetu. Akikohoa pande mbili leo, kesho si atalima kwangu nami namwona amekaa kwake?"

 Baba alikuwa amekaa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anaangalia chini, na niligundua kwamba mashavu yake yameingia ndani kwa siku moja tu. Nyuma ya ukuta nikasikia mtu anapenga kamasi, nadhani ni wifi Subilaga.

Nikasimama.  "Mwenyekiti, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyekohoa. Ng'ambo hii. Ni mimi, nilikuwa namwiga baba."

 Mzee Kapota akacheka. "Mwoneni! Kamefundishwa nyumbani kaje kumtetea. Katoto ka kike kenye shingo kama ya kuku katatoa wapi kikohozi kile?"

Mama akanifinya paja, hata yeye hakuamini, alidhani najitoa mhanga. Atupele alikuwa amejificha nyuma ya mama yake, simlaumu. Mwenyekiti akakuna kidevu. "Haya. Kohoa tusikie."

Hapo ndipo niliposhindwa, mimi mwenye koo la Mungu. Watu wote wananiangalia, baba naye ameinua macho ananiangalia, nikafungua mdomo ikatoka mee kama mbuzi anayekabwa. Watu wakaangua kicheko. Mzee Kapota akapiga makofi. "Nilisema mimi!" Na wifi zangu, kwa kusikia vicheko, wakaanza kuchungulia kwenye kona ya ukuta, mmoja, wawili, wote wanne, kanga midomoni, mgongo wa baba ukiwa upande wao.

Nikafumba macho. Nikakumbuka baba anavyotembea, anavyosimama kwanza, anavyoweka fimbo chini, anavyovuta pumzi.

Krrrrr. Kho! Kho! Mmh.

Nilisikia ndoo inapinduka. Nilipofumbua macho wifi zangu wanne hawakuwepo, mmoja ameingia kwenye majani, wawili wamegongana kwenye kona wakakaa chini, na wifi Subilaga amejifunika kanga akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye kuku wa Mwenyekiti, kuku wakaruka wote juu ya paa la duka. Mama yake Atupele alikuwa ameshika mdomo. Mzee Kapota alikuwa bado ameinua mikono ya kupiga makofi, ameisahau hewani.

Na baba, jamani, baba alikuwa amegeuka kuangalia nyuma yake ni nani anakuja.

Watu walicheka, kicheko kile ambacho mimi siku zote nilikuwa nakitafuta, kijiji kizima kinacheka kwa ajili yangu mpaka machozi, hata Mzee Kapota alicheka kwa kushindwa. Mimi na baba peke yetu ndio hatukucheka. Aligeuka tena mbele, akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kumbe mimi nakohoa hivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Kizee hivyo?"

 

Adhabu nilipewa, na ilikuwa halali yangu. Nilipanda Isongole na kuteremka pamoja na wifi Subilaga kufuata chumvi nyingine, ambayo duka lilipata baada ya kusubiri sana, na mfuko uliwekwa kichwani kwangu kutoka mwanzo wa njia mpaka mwisho bila kupokezana. Kwenye kila mteremko wifi alikuwa nyuma yangu ananiuliza, "Baba mkwe, umechoka?" Nikinyamaza anasema, "Nijibu basi, au mpaka ukohoe kwanza?" Lakini nguo zake alizifungua, alibaki, na tulipofika juu ya daraja alinishika mkono asije akaipoteza chumvi mara ya pili.

Mngedhani yameishia hapo. Mimi pia nilidhani. Wiki chache baadaye baba alikuwa anateremka kwenye mfereji wa maji, akakohoa kama alivyokohoa maisha yake yote, na wifi zangu walikuwa pale wanachota. Hawakusogea. Mmoja wao, mke wa kaka Ambakisye, mwenye heshima kuliko wote, akaweka mikono kiunoni na kusema kwa sauti, "Toka hapo na ujinga wako, safari hii hutupati!" Na akageuka.

Walionana. Uso kwa uso, karibu kama mimi na nyie. Wifi alilia siku mbili. Kuku walichinjwa, wazee wakaitwa, na mimi ndiye niliyekamata kuku hao na kuwanyonyoa, na hakuna mtu aliyenisemesha wakati nawanyonyoa.

Tangu hapo kikohozi cha baba hakina kazi tena, hakuna mkamwana bonde zima anayekiamini, cha kwake wala cha mzee mwingine. Baba alikwenda kwa mfugaji mmoja, akaomba kengele, ile ndogo ya shingoni kwa mbuzi, akaifunga kwenye fimbo yake. Sasa mzee wangu, mtu aliyekuwa akitanguliwa na kikohozi chake kama mkubwa wa nchi, akitembea analia ngiri-ngiri, ngiri-ngiri, na watoto wadogo wakisikia wanasema, "Mbuzi anakuja," mama zao wanawafinya, na yeye anajifanya hajasikia.

Juzi nilimkuta amesimama kwenye kona karibu na daraja, anatikisa fimbo, anasubiri, anatikisa tena. Roho iliniuma. Nikamwambia, "Baba, usihangaike na kengele. Acha nitangulie mimi, niwaambie unakuja."

Akaniangalia, wala hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Wewe?" akasema. "Nani atakuamini?"

Akatikisa kengele yake, akapita. Nami sasa hivi ninavyowasimulia nina mafua ya masika, kifua kimenibana siku ya tatu, na mama anasema nikohoe yatoke. Kikohozi nakimeza.